Leseni, siku au mgawo: uvuvi wa biashara uendeshwe kwa njia ipi?

Kabla ya mwaka 1995, uvuvi wa halibuti, samaki mkubwa bapa wa maji baridi, huko Alaska, Marekani, ulihesabiwa kwa saa. Kiasi cha samaki wa kuvuliwa kwa mwaka kilipangwa, bahari ikafunguliwa kwa kila mwenye chombo, na kiasi hicho kikitimia ikafungwa. Vyombo viliongezeka mpaka msimu wa mwaka mzima ukabanwa ndani ya siku mbili tatu, kila moja ya saa 24. Siku hizo zikiangukia dhoruba, watu walitoka hivyo hivyo, maana aliyebaki bandarini alikuwa ameshaukosa mwaka. Samaki walishushwa kwa mkupuo, viwanda vikalemewa, wengi wakaishia kwenye mafriza, na bei ikawa ya samaki wa barafu. Mwaka 1995 wenye vyombo waliokuwa na kumbukumbu ya kuvua halibuti walipewa kila mmoja sehemu yake ya kiasi cha mwaka, wavue watakapo. Msimu ukarefuka hadi karibu miezi minane, samaki wakaanza kufika sokoni wabichi, bei ikapanda. Mabaharia waliokuwa wakivuta mishipi kwenye vyombo hivyo hawakupewa sehemu yoyote.

Bahari ni ile ile na samaki ni wale wale. Kilichobadilika ni kitu ambacho watu wanakishindania, na mimi naona hapo ndipo ulinganisho wowote wa leseni na migawo unapaswa kuanzia. Wavuvi wa biashara watashindana tu. Ukiwapa leseni peke yake, watashindana kwa ukubwa wa chombo. Ukiwahesabia siku, watashindana kwa kasi ya kuvua ndani ya siku moja. Ukiweka mgawo mmoja wa watu wote, watakimbizana na saa kama Alaska ya zamani. Ukimpa kila mtu mgawo wake, wataacha mbio za baharini na kuanza kuwindana kwa karatasi za mgawo. Anayetakiwa kuchagua, awe ofisa wa uvuvi, kiongozi wa chama cha wavuvi, mwenye kiwanda cha minofu au mwekezaji, ajiulize ni mashindano yapi anaweza kuishi nayo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Leseni husema nani anaruhusiwa kuingia baharini, kwa chombo gani na zana gani. Mgawo husema atoke na kilo ngapi. Nchi nyingi zina vyote viwili. Juu yake kuna jambo la tatu, nalo ndilo linalowaokoa samaki au kuwamaliza: kikomo cha jumla. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaitaka nchi yenye pwani ipange kiasi cha kuvuliwa ndani ya maili 200 za ukanda wake wa kiuchumi. Kikipangwa vibaya, hakuna karatasi itakayosaidia. Kanada ilikuwa na leseni, ilikuwa na migawo, na bado tarehe 2 Julai 1992 ililazimika kufunga uvuvi wa cod, samaki wa maji baridi, wa Newfoundland, watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Makadirio ya samaki waliobaki yalikuwa ya juu mno kwa miaka kadhaa. Amri ile ya kuufunga uvuvi wa biashara iliondolewa rasmi 2024. FAO inakadiria kwamba mwaka 2021 asilimia 37.7 ya makundi ya samaki wa baharini yanayofuatiliwa duniani yalikuwa yakivuliwa kupita uwezo wake. Kwa hiyo anayeuliza "leseni au mgawo, kipi kinahifadhi samaki zaidi?" ameuliza swali la pili kabla ya la kwanza.

Leseni zenye ukomo

Faida yake kubwa ni wepesi. Huhitaji kumpima kila mtu kilo zake. Unahesabu vyombo, unakagua nyavu, unafunga maeneo na misimu. Kwa samaki ambao wingi wao hubadilika vibaya mno mwaka hadi mwaka, wepesi huo ni wa thamani kubwa. Salmoni wa Alaska ndio mfano ninaoupenda. Jimbo lilibadilisha katiba yake mwaka 1972 ili liweze kuweka ukomo wa vibali, likatunga sheria mwaka 1973, na hadi leo salmoni wengi hawagawiwi kwa tani kwa mtu mmoja mmoja. Maofisa hukaa mitoni wakihesabu samaki wanaopanda kwenda kuzaa. Wakiona wa kutosha wamepita, hufungua uvuvi, na wasipowaona hufunga. Kibali hushikwa na mtu, kampuni haiwezi kukimiliki, na kwa kawaida mwenye kibali lazima awemo chomboni.

Sasa tazama mashindano yalikohamia. Katika ghuba ya Bristol, huko huko Alaska, sheria inasema chombo kisizidi urefu wa futi 32. Wavuvi wakatii urefu, wakaongeza upana. Wakaongeza injini, wakaongeza matangi ya kupozea samaki, mpaka boti nyingine za futi 32 zikawa zinakaribia umbo la sahani. Kila mmoja alitumia fedha kumpita mwenzake, na samaki wa kugawana hawakuongezeka. Hilo ndilo tatizo la kudumu la leseni: inazuia mlango wa mbele, na uwezo wa kuvua unaingilia dirishani. Baadaye serikali hulazimika kununua leseni ili kupunguza vyombo ilivyoviruhusu yenyewe.

Tena kibali kinachouzika huondoka. Vibali vingi vya ghuba hiyo vilianza mikononi mwa wakazi wa vijiji vya pale, na kwa miaka vimeuzwa kwa watu wa mbali. Mwenye shida huuza mara moja. Kukinunua tena kunahitaji mkopo ambao kijiji hakina.

Kuhesabu siku

Njia hii haisemwi sana, lakini kwa jodari wa bahari kuu imeleta mabadiliko makubwa kuliko nyingine yoyote ninayoijua. Nchi nane za Pasifiki zilizo katika Mkataba wa Nauru, miongoni mwao Kiribati, Papua New Guinea, Tuvalu na Visiwa vya Marshall, zilikuwa zikilipwa kidogo sana na meli za kigeni zinazovua jodari kwa nyavu za kuzungushia. Kila nchi ilijadiliana peke yake, na meli zilikwenda palipo rahisi. Kuanzia mwishoni mwa 2007 zikaunganisha maji yao katika mfumo mmoja: idadi ya siku za kuvua kwa mwaka inapangwa, inagawanywa kwa nchi, na meli inanunua siku. Bei ya chini ilipangwa dola 5,000 za Marekani kwa siku, na kufikia 2015 ilikuwa dola 8,000. Mapato ya nchi hizo kwa pamoja yalipanda kutoka kiasi cha dola milioni 60 mwaka 2010 hadi karibu milioni 500 kwa mwaka. Meli yenye urefu unaozidi meta 80 huhesabiwa siku moja na nusu kwa kila siku yake moja, na iliyo chini ya meta 50 huhesabiwa nusu. Walijua mapema kwamba urefu ungekuwa njia ya kukwepa.

Kwa nini siku, wala si tani? Kwa sababu siku huhesabiwa kwa setilaiti ukiwa ofisini. Taifa la visiwa lenye bahari kubwa na maofisa wachache lingeweza wapi kupima kila shehena inayopakuliwa?

Kasoro yake ni kwamba siku ya leo si siku ya jana. Meli hutandaza vyelezo vya kukusanyia samaki vyenye vifaa vya kupima kilicho chini yake na kutuma taarifa, ikifika inazungushia nyavu palipokwisha kujaa. Siku zile zile zinatoa samaki wengi zaidi, kwa hiyo msimamizi hana budi kupunguza siku mara kwa mara, na kila anapopunguza atapata kelele. Visiwa vya Faroe vilihesabu siku kwa cod na wenzake tangu 1996. Vyombo vikazidi uwezo, siku hazikupunguzwa kadiri wanasayansi walivyoshauri, na samaki wakadhoofika. Pasifiki wamenusurika kwa sehemu kwa kuwa jodari sehewa huzaana haraka na huvumilia makosa. Cod havumilii.

Mgawo wa kila mtu

Hapa ndipo penye fedha nyingi na magomvi mengi.

Kiwandani faida inaonekana haraka. Peru ndiyo yenye uvuvi mkubwa kuliko wote duniani wa samaki wa aina moja, anchoveta, dagaa wanaosagwa kuwa unga na mafuta ya samaki. Kabla ya 2009 zaidi ya meli elfu moja zilikimbizana kwa kikomo kimoja; msimu uliisha ndani ya wiki chache, viwanda vikubwa vikafanya kazi usiku na mchana kisha vikalala sehemu kubwa ya mwaka, na samaki waliorundikana walifika wameanza kuharibika. Sheria ya 2008 ilimpa kila mwenye meli asilimia yake. Makampuni yakaegesha meli zilizochakaa, yakahamishia mgawo kwenye meli bora zao wenyewe, yakavua taratibu, na samaki waliofika wazima zaidi wakatoa unga wa daraja la juu. Sheria hiyo iliwataka wenye meli wachangie mfuko wa kuwasaidia mabaharia waliokosa kazi. Ni kitu ambacho nchi nyingi hukumbuka wakati mabaharia wameshatawanyika.

Maana kazi hupungua, na kwa ghafla. Kaa wakubwa wekundu wa ghuba ya Bristol walivuliwa na vyombo 251 mwaka 2004. Mfumo wa migawo ulipoanza 2005, vyombo vilivyotoka vilikuwa 89. Waliobaki wanafanya kazi salama zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Wengine hawakubaki.

Kisha kuna swali la kuuza. Mgawo unaouzika humwezesha asiyemudu kutoka na kitu mkononi, na humwezesha anayejua kazi kukua. Iceland ilianza migawo ya vyombo mwaka 1984, na sheria ya 1990 ikaruhusu iuzwe kikamilifu. Viwanda vyake vinaweza kumuahidi mnunuzi minofu mibichi wiki hadi wiki, kwa sababu nahodha anatoka kulingana na oda ya soko badala ya kukimbizana na jirani. Kibiashara sijaona mfumo unaoupita. Lakini sheria hiyo hiyo inayosema samaki ni mali ya taifa zima iliacha haki za kuwavua ziwekwe dhamana benki kwa namna moja au nyingine, zirithiwe, zikusanyike. Imewekwa kinga, kwamba kampuni moja isishike zaidi ya asilimia 12 ya thamani ya migawo yote, na bado vijiji vilivyouza mgawo wao vilibaki na gati lisilo na samaki. Mwaka 2007 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa maoni kwamba mfumo huo uliwabagua wavuvi wawili walionyimwa mgawo, kwa kuwa waliopewa bure mwanzoni wangeweza kuuza au kukodisha kile ambacho wengine walitakiwa kukinunua. Kuanzia 2009 Iceland ikafungua uvuvi wa kiangazi wa mishipi kwa boti ndogo zisizo na mgawo, siku chache za wiki, safari isiyozidi saa 14. Kwa kuwa nao una kikomo cha pamoja, mbio zimerudi humo humo. (Nilicheka nilipolisoma hili; ni Alaska ndogo ndani ya Iceland.)

New Zealand ina fundisho jingine, la kiufundi lakini ghali. Ilipoanza Oktoba 1986 iligawa tani kamili. Samaki walipoonekana wachache kuliko ilivyodhaniwa, serikali ingelazimika kuzinunua tani hizo ili kupunguza kikomo. Mwaka 1990 ikageuza tani kuwa asilimia: kikomo kikishuka, wote wanashuka pamoja. Na kabla ya kugawa iliwafuta wavuvi wa muda, wakiwemo wengi wa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Kesi zilifuata, na suluhu kubwa ya 1992 iliwapa Wamaori nusu ya kampuni ya uvuvi ya Sealord na asilimia 20 ya migawo ya aina mpya zitakazoingizwa. Anayeachwa nje siku ya kugawa hurudi kupitia mahakamani, na huko gharama ni kubwa zaidi.

Tatizo la mwisho la mgawo liko ndani ya wavu. Wavu haujui karatasi yako inasema nini. Umemaliza mgawo wa aina moja, bado unazo tani nyingi za nyingine, na zote zinaogelea pamoja: utamwaga baharini, utaficha, au utatia nanga? Umoja wa Ulaya uliamua, hatua kwa hatua kati ya 2015 na 2019, kwamba samaki wenye mgawo washushwe wote bandarini, na hapo aina moja yenye mgawo mdogo ikaweza kuusimamisha msafara mzima. New Zealand hutumia tozo: leta samaki wa ziada, lakini ulipie kiasi kitakachokuondolea hamu ya kuwafuata bila kukufanya uwatupe. Kuipata bei hiyo ya kati ni sanaa. Pasipo wakaguzi au kamera chomboni, mwenye mgawo pia hushawishika kumtupa samaki mdogo aliyekufa ili nafasi yake ichukuliwe na mkubwa mwenye bei.

Mwenye kiwanda asisahauliwe

Mijadala mingi humtazama mvuvi na samaki. Lakini mbio zile za Alaska ziliwafaidi baadhi ya wachakataji: samaki wote wakija siku moja, mwenye friza kubwa ndiye anayepanga bei. Halibuti walipoanza kuja kidogo kidogo, mvuvi aliweza kumuuzia yeyote mwenye gari la barafu na nafasi kwenye ndege, na friza kubwa zikapoteza nguvu. Wachakataji walilikumbuka hilo. Ulipofika wakati wa kaa mwaka 2005, walidai nao wapewe mgawo, na wakapewa: sehemu kubwa ya kaa wa wenye vyombo lazima ipelekwe kwa viwanda vyenye haki ya kuwapokea, na pakiwa na ugomvi wa bei anaitwa mwamuzi. Wavuvi wengine waliuita mnyororo. Miji yenye viwanda iliuona kama bima. Kwa maoni yangu ni dawa kali inayofaa pale tu ambapo mji mzima unategemea kiwanda kimoja. Kwingineko inamlinda mwenye mtambo dhidi ya mshindani wake.

Sasa uchague

Anza bandarini. Kama samaki wanashushwa mahali pachache penye mizani na mpimaji anayeaminika, kama ilivyo Iceland, mgawo wa mtu unawezekana. Kama wanashushwa kwenye fukwe mamia, mgawo utakuwa hadithi ya vitabuni. Bora leseni, ukubwa wa matundu ya nyavu, na maeneo yanayofungwa. Bahari ikiwa kubwa, meli za kigeni na maofisa wachache, siku zinahesabika kirahisi zaidi, ila usiingie peke yako kama jirani anauza samaki wale wale kwa bei ya chini.

Halafu tazama wavu. Aina moja au mbili: mgawo. Aina ishirini kwa mkupuo: siku na leseni, au mgawo wenye tozo iliyofikiriwa vizuri, usioiga Ulaya bila kuweka kamera chomboni.

Kama samaki wanavuka mipaka, hakuna utakachochagua nyumbani kitakachotosha. Vibua wa Atlantiki ya kaskazini mashariki wanasimamiwa na nchi zenye sayansi nzuri kabisa, kila moja ikajipangia sehemu yake, jumla ikapita ushauri wa wanasayansi, na mwaka 2019 cheti chao cha MSC, cha kuthibitisha uvuvi endelevu, kikasimamishwa. Mnunuzi mkubwa hakuuliza ni nchi gani ilikosea.

Na umchunguze anayeshika kalamu. Migawo inayotolewa kwa uamuzi wa ofisi moja ni karatasi zenye thamani ya mamilioni zinazogawiwa bure. Namibia ilijenga baada ya uhuru wa 1990 mfumo uliosifiwa, wa haki zenye muda maalumu na ada, ukawapa wananchi nafasi katika uvuvi uliokuwa wa meli za kigeni. Novemba 2019 mawaziri wake wawili walijiuzulu baada ya nyaraka kuvuja zilizohusu madai ya rushwa katika ugawaji wa migawo. Kama huwezi kuweka orodha ya wenye mgawo mahali ambapo yeyote anaisoma, leseni nyingi za bei ndogo zina hatari ndogo kuliko migawo michache ya bei kubwa.

Mimi, kwa uvuvi wa viwanda wa samaki wa aina moja, ningechukua mgawo wa mtu kwa asilimia, unaouzika lakini wenye ukomo wa mmoja kumiliki, na sehemu iliyotengwa kwa mabaharia na vijiji kabla ya siku ya kwanza. Kwa uvuvi mdogo wa pwani nisingeuthubutu.

Ningeandika pia tarehe ya mwisho. Visiwa vya Faroe viliweka katika sheria kwamba leseni zote zingekoma mwanzoni mwa 2018, vikajaribu kupiga mnada sehemu ya haki hizo, na serikali iliyoingia 2019 ikauondoa mnada. Jaribio lilikuwa fupi, lakini waliweza kulifanya na kulifuta bila kumlipa mtu fidia ya bahari. Iceland haikuandika tarehe, na kila inapotaka kupandisha ada ya uvuvi, mabishano bungeni huanza upya kutoka mwaka 1984.